RA za nyota za Jabari (Orion): kila nyota inanichelewa zaidi ya dakika mbili. Kosa liko wapi?

Timazi_Utawala · #1
Wadau, hamjambo. Napima RA, yaani mahali pa nyota mashariki–magharibi mbinguni, kama longitudo ila inahesabiwa kwa saa. Kifaa ni bomba la PVC la nchi moja, urefu mita 1.2, limefungwa katikati ya fimbo ya chuma ya sentimita 60, skwea kabisa. Fimbo imelala mashariki–magharibi juu ya magogo mawili yenye vijigroo, kwa hiyo bomba linainuka na kushuka kaskazini–kusini tu. Mdomo wa juu una nyuzi mbili zilizopishana. Nyota ikipita nyuma ya uzi wa wima nabonyeza saa ya simu, nageuza muda kuwa saa ya nyota ya hapa (inayofuata mzunguko wa Dunia kwa nyota, si kwa Jua), na hiyo ndiyo RA.

Usiku wa tarehe 15 Januari 2025, juu ya paa la zege. Nilichopata, halafu cha kitabu:

Rigel 5h 16m 38s (kitabu 5h 14m 32s)
Mintaka 5h 34m 29s (5h 32m 00s)
Alnilam 5h 38m 40s (5h 36m 13s)
Alnitak 5h 43m 11s (5h 40m 46s)
Betelgeuse 5h 58m 02s (5h 55m 10s)

Alnilam ilipita saa nne na dakika 29 na sekunde 24 usiku. Longitudo niliyotumia ni 36°49'. Zote zimezidi, kuanzia sekunde 126 hadi 172. Nani ananionyesha?

PiaKubwa · #2
Nusu ya kosa lako iko kwenye kitabu. Namba hizo ni za J2000, yaani mbingu ilivyokuwa mwanzoni mwa mwaka 2000. Mhimili wa Dunia unayumba kama pia iliyochoka, mzunguko mmoja wa kuyumba ni kama miaka 26,000, na ile nukta ambayo RA inaanzia kuhesabiwa inahama pamoja nao. Kwa Jabari RA inaongezeka kama sekunde 3 kila mwaka. Miaka 25 hiyo: Rigel ongeza 72, Mintaka 77, Alnilam 76, Alnitak 76, Betelgeuse 81.

Kwa hiyo Alnilam ya kulinganisha nayo ni 5h 37m 29s. Bomba lako linasoma mbingu ya usiku huo, halijui habari za mwaka 2000. Kwenye programu ya Stellarium ukigusa nyota utaona mistari miwili ya RA na deklinesheni (umbali wa nyota kaskazini au kusini ya ikweta ya mbingu), mmoja wa J2000.0 na mwingine wa tarehe uliyoweka. Wengi husoma wa kwanza kwa sababu ndio uko juu.

Kilimia254 · #3
Au nyota zenyewe zimesogea? Si zina mwendo wake?

PiaKubwa · #4
@Kilimia254 zina mwendo, ila si wa kuonekana kwa bomba la maji. Betelgeuse husogea kama sekunde 0.03 za pembe kwa mwaka (dakika ya pembe ni 1/60 ya digrii, sekunde ya pembe ni 1/60 ya hiyo). Miaka 25 haifiki sekunde moja ya pembe. Yeye anatafuta kosa la zaidi ya elfu moja.

SaaSita · #5
Swali la kizembe lakini lazima liulizwe: hiyo saa nne umeiingiza kwenye fomula kama 4 au 22? Tumezoea kuhesabu saa kuanzia asubuhi, fomula inataka UTC, yaani saa ya Greenwich.

Timazi_Utawala · #6
22:29:24, toa saa tatu, 19:29:24 UTC. Siwezi kukosea hapo mkuu, ningepata RA ya kundinyota lingine kabisa.

Desimali · #7
Basi tuone hesabu. Njia fupi: tafuta D, siku tangu saa 12:00 UTC ya tarehe 1 Januari 2000. Kwa 18:00 UTC ya tarehe 15 Januari 2025, D ni 9146.25. Saa ya nyota ya Greenwich kwa digrii ni 280.46062 + 360.98564737 × D, ukiondoa mizunguko mizima ya 360.

Watu hukwama kwenye desimali. Ukikata ukaandika 360.9856, ule mkia uliouacha ukizidishwa na siku elfu tisa unakuwa digrii 0.43, yaani sekunde 104 za saa. Na kikokotoo cha tarakimu nane kinakupa 3301665.0 na desimali moja tu. Dawa yake: usizidishe 360 yote. Chukua 0.98564737 × 9146.25 = 9014.977, kisha 360 × 0.25 = 90, jumlisha na 280.461, ondoa 360 mara 26. Inabaki 25.438, ambayo ni 1h 41m 45s. Longitudo 36°49' ni 2h 27m 16s. Saa ya nyota ya katikati ya jiji la Nairobi saa tatu kamili usiku ilikuwa 4h 09m 01s.

Kutoka saa tatu hadi Alnilam yako ni 1h 29m 24s za saa ya kawaida. Zidisha kwa 1.0027379, unapata 1h 29m 39s. Jumla 5h 38m 40s. Hesabu yako ni safi. Kosa liko kwenye paa.

Mama_Ramani · #8
Halijafika kwenye paa bado. 36°49' ni katikati ya jiji. Utawala uliko wewe ni kama 36°58'. Kila dakika moja ya pembe ya longitudo ni sekunde 4 za saa, kwa hiyo hapo kuna sekunde 36. Toa kwenye 71 za Alnilam zilizobaki baada ya #2, umebaki na 35 tu.

Desimali · #9
@Mama_Ramani hapana, zinaongezwa! Utawala iko mashariki zaidi, kwa hiyo saa ya nyota ya pale iko mbele ya aliyoihesabu. RA yake ya Alnilam ikirekebishwa hivyo inakuwa 5h 39m 16s. Alikuwa amezidi kwa 71, sasa amezidi kwa 107.

Mama_Ramani · #10
Kweli, nimegeuza alama. Pole Timazi, nimekuja kusaidia nikakuongezea deni.

Kilimia254 · #11
Ndiyo hasara ya kuhamia Machakos mkijiita Nairobi 😂

MzeeWaNiveli · #12
Ngojeni. Msiangalie Alnilam peke yake, tazameni zote tano. Baada ya kuondoa yumba la #2 na kurekebisha longitudo, mabaki ni: Rigel 90, Mintaka 108, Alnilam 107, Alnitak 105, Betelgeuse 127. Nyota ya kusini imechelewa kidogo, ya kaskazini imechelewa zaidi. Huo ni mstari wako wa kaskazini–kusini kupinda. Ncha ya kaskazini imeelekea magharibi.

Kiasi chake: kosa la mwelekeo linaingia kwenye muda kwa kuzidishwa na sini ya (latitudo toa deklinesheni), ukigawanya kwa kosaini ya deklinesheni. Rigel iko kama digrii 7 kusini ya utosi wako, Betelgeuse karibu 9 kaskazini. Tofauti ya sekunde 37 kati yao inatoa kosa la dakika 34 za pembe, zaidi kidogo ya nusu digrii. Ulipanga mstari kwa dira?

Timazi_Utawala · #13
Dira ya simu, ndiyo.

MzeeWaNiveli · #14
Juu ya zege lenye nondo! Dira inasikiliza chuma kilicho chini yake kwanza. Hata fimbo yako yenyewe ni chuma.

Lakini mwelekeo hauelezi Alnilam. Deklinesheni yake ni −1°11', wewe uko −1°17'. Inapita dakika sita tu za pembe kutoka utosini, na kwa nyota ya utosini kosa la mwelekeo ni sifuri: mstari ukipinda upendavyo bado unapita utosini. Zile 107 zinatoka kwingine. Mimi nasema fimbo haijalala sawa. Kwa nyota ya utosini kila digrii ya mlalo ni dakika 4 kamili. Sekunde 107 ni dakika 27 za pembe, na kwa fimbo ya sentimita 60 hiyo ni ncha ya magharibi kuwa chini kwa milimita 4.7. Leta pima maji.

Fundi_Bomba · #15
Pima maji ya kawaida nayo inahitaji kupimwa. Ilaze juu ya fimbo, tia alama kiputo kiliposimama. Igeuze kichwa kuwa mkia, mahali palepale, tia alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo sifuri ya kweli. Ile iliyokwisha kuanguka kwenye mjengo inaweza kukosa milimita 2 kwa mita bila kuonyesha, na hizo peke yake ni karibu sekunde 27.

Pia vijigroo vya magogo. Mbao ikikauka upande mmoja inashuka. Weka vipande vya angle line, fimbo iguse chuma nukta mbili kila upande.

DadaDarubini · #16
Mimi naona jicho. Bomba la nchi moja, juu kuna nyuzi, chini kuna nini? Kama mdomo wa chini uko wazi, jicho linaweza kukaa popote ndani ya milimita 25. Jicho likihama milimita 9.4 kutoka katikati, kwa bomba la mita 1.2 ni dakika 27 za pembe zilezile. Mtu akilala chali kutazama utosini huegemea upande mmoja bila kujua, na ataegemea uleule kwa nyota zote tano. Ndiyo maana mabaki yanafanana.

Ziba mdomo wa chini kwa kifuniko, toboa katikati tundu la milimita 2. Kubwa zaidi ya hapo hujafanya kitu.

SaaSita · #17
Na saa ya simu? Simu isiyo na mtandao inaweza kuwa imeachana na saa ya kweli.

DadaDarubini · #18
Kwa sekunde chache, sawa. Si kwa dakika moja na sekunde 47.

Pikseli · #19
Samahani wazee wa mabomba, kwa nini msipige picha? Kamera yenye pikseli za mikroni 4.3 na lenzi ya milimita 50: 206.265 × 4.3 ÷ 50 = sekunde 17.7 za pembe kwa pikseli. Kwenye ikweta ya mbingu nyota inakimbia sekunde 15 za pembe kila sekunde, kwa hiyo bila mashine ya kufuatilia usizidishe sekunde 2. Picha kumi, f/2.8, ISO 1600. Jabari nzima inaingia ukisimamisha kamera wima. Mintaka hadi Alnitak ni dakika 164 za pembe, karibu pikseli 557.

Kisha ama unaipandisha kwenye tovuti ya astrometry.net, nayo inatambua nyota na kukupa RA na deklinesheni ya kila pikseli, ama unapiga hesabu mwenyewe: Rigel, Saiph, Bellatrix na Betelgeuse ziwe za rejea, tatu zinatosha kupata namba sita za kugeuza x na y, ya nne inakuonyesha umekosea kiasi gani.

Tahadhari moja. Lenzi hailazi mbingu kwa digrii, inailaza kwa tanjenti. Digrii 9 kutoka katikati ya picha, ukitumia digrii tupu umekosa dakika 4.5 za pembe, pikseli 15 hivi. Geuza rejea ziwe tanjenti kwanza, pima, halafu rudisha.

MzeeWaNiveli · #20
@Pikseli hiyo si kupima RA, ni kunakili. Umeazima namba za nyota nne ili upate za nyota tatu. Namba za hizo nne nani alizipima?

Pikseli · #21
Setelaiti ya Hipparcos, mzee. Hata Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, ilitengenezwa kwa nyota hafifu. Hizi zinazong'aa sana ziliijaza kamera yake mwanga. Na Timazi naye ameazima: saa yake ya nyota imejengwa juu ya fomula ya watu.

MzeeWaNiveli · #22
Fomula ya kuzunguka kwa Dunia, si orodha ya nyota. Tofauti ipo, hata kama hutaki kuiona.

Mama_Ramani · #23
Mkiwa bado mnagombana: #14 imenifanya nifungue ramani. Deklinesheni ni latitudo ya mbinguni, basi kila nyota inapita juu ya utosi wa mji wenye latitudo hiyo. Mintaka −0°17', Nakuru iko −0°18'. Alnilam −1°11', mji wa Kiambu −1°10'. Alnitak −1°56', Magadi −1°54'. Mshipi wa Jabari umetandikwa kutoka Nakuru hadi Magadi kupitia Kiambu.

Kilimia254 · #24
Eti mtu wa Kiambu ana nyota yake mwenyewe utosini. Bei ya ploti itapanda.

Mswahili_Asilia · #25
Nashukuru mmeandika Jabari badala ya Orion. Sasa malizieni: Sirius ni Shira, Canopus ni Suheli, na Kilimia (kishada cha Pleiades) mnakijua kwa methali yake ya mvua na jua.

Pikseli · #26
Andika Suheli kwenye kisanduku cha kutafutia cha programu uone kama itakupeleka popote. Jina kwa mazungumzo, RA kwa kazi.

Mswahili_Asilia · #27
Rigel, Betelgeuse, Alnilam, zote ni Kiarabu kilichopitia Ulaya kikarudi kimevunjika mguu. Rigel ni mguu kweli, rijili. Programu yako inaongea Kiarabu kibovu na wewe unaiamini.

MzeeWaNiveli · #28
Umetaja Suheli wakati mzuri. Timazi, kurekebisha mwelekeo usitumie Rigel na Betelgeuse, ziko karibu mno na utosi. Tumia Suheli (RA kama 6h 24m, deklinesheni −52°42') na Capella (5h 17m, +46°). Kwa kosa lako la dakika 34, Rigel na Betelgeuse zimetofautiana sekunde 37. Suheli na Capella zingetofautiana zaidi ya dakika tano. Sogeza ncha moja ya fimbo kaskazini au kusini mpaka tofauti hiyo iishe. Milimita 1 kwenye fimbo ya sentimita 60 ni karibu dakika 6 za pembe.

Mama_Ramani · #29
Mchana kivuli cha timazi kinafaa pia, ila kwa uangalifu. Katikati ya Januari adhuhuri ya Jua hapa ni kama 12:42, si 12:00: tuko magharibi ya longitudo 45° ambayo saa yetu imejengewa, hapo ni dakika 33, na Jua lenyewe linachelewa nyingine 9. Jua likiwa juu hivyo kivuli kinageuka haraka, digrii 0.7 kila dakika. Ukichelewa kutia alama kwa dakika moja umerudi kulekule kwa dira.

Mgeni_Salibu · #30
Naomba kuingilia. Kifaa hiki kinafaa kwa Msalaba wa Kusini? Nataka RA za nyota zake nne.

Desimali · #31
Kinafaa, ila kila kosa litakua. Sekunde moja ya RA kwenye mshipi wa Jabari ni sekunde 15 za pembe. Acrux, mojawapo ya hizo nne, iko −63°06', kosaini yake 0.45, kwa hiyo sekunde moja pale ni 6.8 tu. Nyota inatambaa nyuma ya uzi, hujui ubonyeze lini, na kosa la mwelekeo linazidishwa karibu mara mbili. Usilinganishe sekunde za RA za makundinyota mawili bila kuzidisha kwa kosaini ya deklinesheni. Anza na Gacrux (12h 31m, −57°07'), ni rahisi kidogo.

Na subiri. Januari Msalaba unavuka meridiani (mstari wa angani wa kaskazini–kusini) alfajiri.

Timazi_Utawala · #32
Asanteni. Nimepima mlalo kwa njia ya #15. Ncha ya magharibi iko chini kwa milimita 2, si 4.7. Hiyo ni dakika 11.5 za pembe, sekunde 46. Zimebaki 61. Mdomo wa chini ulikuwa wazi, nimeshaweka kifuniko chenye tundu. Mawingu yamekaa siku tatu, sijajaribu tena.

DadaDarubini · #33
Zilizobaki 61 ni milimita 5 za jicho. Nilisema.

Fundi_Bomba · #34
Au bomba haliko skwea na fimbo. Skwea ya fundi ikikosa robo digrii huioni kwa macho, na robo digrii ni sekunde 60. Kwa nyota ya utosini, skwea mbovu na jicho lililohama vinatoa namba ileile, kwa hiyo dada hujashinda bado.

DadaDarubini · #35
Vinatenganishwa. Pindua fimbo, ncha ya mashariki iende magharibi. Skwea mbovu inageuza alama: zilizochelewa 61 zitawahi 61. Jicho la kuegemea halipinduki na fimbo, linabaki na mwenyewe.

MzeeWaNiveli · #36
Linapinduka kama tundu limetobolewa pembeni ya katikati. Sasa ana kifuniko kipya, na hicho nacho ni kosa jipya ambalo hatujalipima.

Timazi, fanya hivi usiku mmoja: chukua Mintaka fimbo ikiwa hivi, ipindue, chukua Alnitak. Kati yao una dakika 8 na sekunde 44, zinatosha kupindua na kutulia. Ukiona tofauti ya RA zao ni 8m 44s au karibu, kifaa kiko skwea na tundu liko katikati. Ikitoka 6m 40s au 10m 45s, Fundi_Bomba ana haki, au tundu.

Timazi_Utawala · #37
Sawa mzee. Wingu likipasuka nitaleta namba.

SaaSita · #38
Kumbuka kila siku Alnilam inawahi karibu dakika 4. Tarehe 15 Februari itakuwa utosini kwako saa mbili na dakika 26 usiku, taa za majirani zote zikiwaka. Mimi bado nasema uilinganishe hiyo simu na saa ya mtandao kabla ya kupanda juu.